Vipindi vya dakika 25: wengi wamechukua kengele, karatasi wameiacha

Mhasibu_Mtaani (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu.

Kuna huu mtindo unaoitwa Pomodoro ("nyanya" kwa Kiitaliano), wa kufanya kazi dakika 25, unapumzika 5, ukifikisha vipindi vinne unapumzika zaidi, kati ya dakika 15 na 30. Karibu kila mtu humu ameshaujaribu, na karibu kila mtu anasema ulimshinda baada ya muda mfupi. Ukimuuliza alikuwa anaufanyaje, jibu ni lile lile: nilipakua programu ya simu yenye picha ya nyanya, ikilia naanza, ikilia naacha. Basi. Hapo umenunua mzani, ukapima magunia mchana kutwa, na hukuandika hata kilo moja.

Mwenye mtindo wake ni Francesco Cirillo, Mwitaliano. Mwishoni mwa miaka ya 1980 alikuwa chuo kikuu, masomo hayapandi, akajiwekea dau: naweza kusoma, kusoma kweli kweli, kwa dakika 10 tu? Akachukua saa ya jikoni yenye umbo la nyanya, ile ya kuzungusha kwa mkono, akaitega. Baadaye akajaribu urefu wa kila namna, hadi zaidi ya saa nzima, akatulia kwenye 25. Na hata hiyo 25 hakuifanya dini, maana mwenyewe aliandika kwamba kati ya 20 na 35 inafaa. Kwa hiyo anayekuja hapa kugombana na namba 25, ajue anagombana peke yake.

Kinachorukwa ni karatasi. Ziko tatu. Moja ni orodha ya kazi zote ulizonazo. Ya pili ni kazi za leo tu. Ya tatu ni kumbukumbu ya kilichotokea kweli. Asubuhi unachukua kazi kutoka ya kwanza, unaihamishia ya pili, halafu pembeni yake unachora visanduku: hii nadhani itakula vipindi vitatu. Kengele ikilia unatia X kwenye kisanduku kimoja. Visanduku vikijaa na kazi bado, unakadiria upya, ila safari hii unachora viduara, ili jioni uone wazi wapi ulijidanganya.

Halafu kuna alama mbili ndogo ambazo kwangu ndizo roho ya mtindo mzima. Ukikatizwa na kichwa chako mwenyewe (umekumbuka kununua umeme, umetamani kuangalia matokeo ya mechi), unaweka kialama cha juu kama kile cha ng', unaandika hilo jambo pembeni, unaendelea. Ukikatizwa na mtu, unaweka kistari. Ukilazimika kweli kuacha, kipindi hicho kimekufa, hakihesabiwi. Nusu kipindi hakuna. Na ukimaliza kazi kengele haijalia, huondoki: unarudia kukagua ulichofanya hadi ilie.

Niwape mfano wa kazini. "Kufunga mwezi" huwezi kuiandika kwenye karatasi ya leo, kwa sababu kazi inayozidi vipindi 5 hadi 7 inatakiwa ivunjwe. Basi ikavunjwa: kulinganisha taarifa ya benki na leja, kupanga risiti za EFD (zile za mashine ya kodi), mishahara na PAYE (kodi inayokatwa kwenye mshahara) ambayo hapa Tanzania inatakiwa ndani ya siku 7 baada ya mwezi kwisha, ritani ya VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya tarehe 20. Tukakadiria kila kipande. Kumbukumbu ikaonyesha kulinganisha benki kunakwenda kama tulivyotegemea. Risiti ndizo zilikuwa zinakula mara mbili ya makadirio, na mstari wake umejaa vistari mtupu: simu kwa dereva, simu kwa mtu wa masoko, nani ana risiti ya mafuta, hii imefutika haisomeki.

Sasa angalieni. Miaka yote tulikuwa tunaambiana idara ya hesabu haina umakini mwisho wa mwezi. Karatasi ikasema umakini upo, risiti ndizo zinafika zikiwa zimechelewa. Dawa ikawa kila mwenye gari na kila wa masoko akabidhi risiti Ijumaa, kila wiki, anasaini. Kengele peke yake isingetuambia hilo hata ilie mwaka mzima.

Hiyo ndiyo hoja yangu. Karibuni.

---

kiti_cha_mbele

Nimeweka kambi hapa. Nasoma nikiwa kwenye zile dakika 5.

---

Msimbo_Usiku

Mkuu uzi mzuri lakini nakupinga kidogo. Mimi naandika programu. Ninapotafuta hitilafu kwenye mfumo, dakika 20 za mwanzo ni za kuupakia mfumo wote kichwani: data inaingilia wapi, inabadilishwa na nani, inatokea wapi. Ndiyo kwanza nimeshika uzi wake, nyanya inalia. Nikisimama, vyote vimemwagika. Ndiyo maana wengi wetu tunakwenda na ile ya dakika 52 kazi, 17 mapumziko. Ile ina takwimu kabisa, siyo saa ya jikoni.

---

Mhasibu_Mtaani

@Msimbo_Usiku, hiyo 52 kwa 17 inatoka DeskTime, kampuni ya Latvia inayouza programu ya kufuatilia muda wa kazi. Mwaka 2014 waliangalia watumiaji wao waliofanya vizuri zaidi, asilimia 10 ya juu, wakatoa wastani huo. Mwaka 2021 wakarudia hesabu, watu wengi wakiwa wanafanyia kazi nyumbani, wakapata dakika 112 kazi na 26 mapumziko. Kampuni ile ile, namna ile ile ya kuhesabu. Sasa ufuate ipi? Ni picha ya watumiaji wao kwa wakati ule, na ina faida yake, lakini haikuambii wewe na hitilafu yako mnahitaji muda gani.

Weka 45 kama ndiyo inayokubeba. Sikatai. Ninachouliza: unaandika?

---

Msimbo_Usiku

Siandiki 😂

---

Dada_wa_Maktaba

Naomba niongeze kwa ndugu Msimbo. Hoja ya "akili inachoka baada ya nusu saa" mara nyingi inatolewa bila kusema ilitoka wapi. Chanzo kimoja kikubwa ni Norman Mackworth, Cambridge, utafiti wake ulichapishwa 1948. Jeshi la anga la Uingereza lilitaka kujua kwa nini waangalizi wa rada wanakosa kuona nyambizi zamu ikiwa ndefu. Akawakalisha watu mbele ya saa yenye mshale unaoruka hatua moja moja, na mara chache unaruka mbili kwa mpigo. Kazi yako ni kuona ule mruko wa mbili, kwa saa mbili nzima. Baada ya nusu saa ya kwanza walianza kukosa zaidi.

Lakini tazama kazi yenyewe ilivyokuwa: kukodolea kitu ambacho karibu muda wote hakibadiliki. Hiyo inafanana na kukagua risiti au kusahihisha mitihani ya kuchagua jibu. Kutafuta hitilafu kwenye programu ni kazi ya aina nyingine, inakusukuma yenyewe. Kwa hiyo nadhani nyote wawili mko sawa, kila mmoja na kazi yake. Kwenye kazi ya kuchosha kengele inakuokoa, kwenye kazi inayokubeba itakuudhi.

---

Nesi_wa_Zamu

Wodini huu mtindo haupo jamani. Mgonjwa akishuka presha huwezi kumwambia nina dakika 11 zimebaki. Ninautumia nikisomea tu, nyumbani, watoto wamelala. Hapo unanifaa sana. Mlioko maofisini shukuruni.

---

Boksi_la_Barua

Tatizo langu bosi. Tumekaa ukumbi mmoja, hakuna vyumba, yeye yuko pembeni na ana sauti. "Njoo mara moja." Hiyo mara moja inakwenda hadi chakula cha mchana. Nimwambie nimetega saa? Ataniona nimechanganyikiwa. Na nilisoma mahali kwamba ukikatizwa mara moja unahitaji dakika 23 kurudi, kwa hiyo mimi kwa hesabu hiyo sijawahi kufanya kazi tangu niajiriwe.

---

Dada_wa_Maktaba

@Boksi_la_Barua hiyo ya dakika 23 imesambaa vibaya. Inatokana na kazi za Gloria Mark, Chuo Kikuu cha California, Irvine, aliyekuwa anakaa maofisini na kufuatilia wafanyakazi kwa saa mkononi. Zile dakika 20 na kitu siyo muda wa akili kupoa na kuwaka tena. Ni muda uliopita hadi mtu akairudia kazi ile ya kwanza, na katikati hapo alikuwa ameshashika kazi nyingine, kwa wastani kama mbili hivi. Maana yake ukishaitwa na bosi, hurudi ulipokuwa. Unapitia kwa mwenzako, unajibu barua pepe, ndipo unakumbuka.

Na katika utafiti wao wa 2008 kuna jambo la kushangaza: waliokatizwa walimaliza kazi haraka zaidi kuliko wasiokatizwa. Walilipia kwa msongo na kero, hayo walipata zaidi. Kwa hiyo bosi wako akiangalia saa tu, ataona mambo ni mazuri.

Cha kufanya ni kidogo: kabla hujasimama, andika nusu mstari, "nilikuwa naenda kufanya hiki". Ukirudi hutafuti mlango wa kuingilia.

---

Mhasibu_Mtaani

Hapo kwa bosi Cirillo ana utaratibu wake. Unampa taarifa kwamba uko katikati ya jambo, mnakubaliana muda, unaliandika, halafu unamrudia wewe mwenyewe bila kukumbushwa. Sehemu ya mwisho ndiyo inayojenga imani. Usitaje nyanya wala kengele, utachekwa bure. Sema, "Sawa bosi, namalizia ukurasa huu wa mishahara, saa tano na robo niko kwako." Wakubwa wengi hawana shida na dakika 15, shida yao ni kusahauliwa. Akisema sasa hivi, inuka uende, futa kipindi, weka kistari. Mwisho wa wiki hesabu vistari vyake. Kama ni vingi na vyote ni swali la aina moja, mpelekee ripoti ya kila asubuhi inayojibu swali hilo kabla hajaita.

---

Mtu_wa_Rasilimali

Mimi niko upande wa utawala, niweke la sheria kwa walioko Tanzania kwa sababu naona watu wanachanganya. Hizi dakika 5 ni mpango wako binafsi. Mapumziko ya kisheria ni kitu kingine: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 23, anayefanya kazi mfululizo zaidi ya saa 5 apewe mapumziko ya angalau dakika 60. Mwajiri anaweza kukutaka ufanye kazi muda huo iwapo tu kazi haiwezi kuachwa bila mtu au haiwezi kufanywa na mwingine. Na halazimiki kulipia muda wa mapumziko, isipokuwa amekutaka ufanye kazi au uwepo tayari kwa kazi.

Kwa hiyo asije mtu akaambiwa "wewe unapumzika kila nusu saa, chakula cha mchana cha nini". Hazijumlishwi hivyo.

---

kiti_cha_mbele

Bosi wangu asiuone huu uzi. Au auone.

---

Mama_Mapacha_Tanga

Habari zenu wapendwa. Mimi natafsiri nyaraka nikiwa nyumbani. Mkuu Mhasibu umeongea sana karatasi, mimi nakuletea mapumziko, maana huko ndiko watu wanakofia.

Dakika 5 ukizipeleka WhatsApp zinarudi 40, na zikirudi zinarudi na ya watu: shangazi kaandika nini kwenye kundi la ukoo, nani hajachangia harusi. Unakaa mezani mwili, kichwa kiko kwenye kamati. Kuna mtafiti, Sophie Leroy, mwaka 2009 alionyesha jambo hilo: ukihama kutoka kazi moja kwenda nyingine, sehemu ya mawazo inabaki kule ulikotoka, hasa kama uliacha pabichi, na ya pili unaifanya vibaya. Kundi la ukoo halijawahi kumalizika, kila mara unaliacha pabichi.

Kwa hiyo kwangu mapumziko ni ya mikono na miguu. Nageuza maharage, naanua nguo, nachota maji. Hata kusimama barazani tu na kuangalia mnazi wa jirani, macho nayo yanapumua. Wataalamu wa macho wana kanuni yao: kila dakika 20 angalia kitu kilicho kama mita 6 mbali, kwa sekunde 20. Simu inalala chumbani, saa ninayotumia ni ile ya mezani ya kengele, ya betri, za sokoni. Kuitega kengele kwenye simu ile ile inayokuita ndiyo kosa la kwanza la wengi, mnisamehe.

---

Msimbo_Usiku

Dada hapo kwenye kamati ya harusi umenigusa. Mimi ni mweka hazina.

---

Mama_Mapacha_Tanga

Pole baba. Zima arifa, wachangaji watakutafuta wenyewe 😂

---

Pwani_Mchangani

Assalaam aleikum. Sisi tunaoswali tuna vigingi ambavyo havisogei hata bosi akitaka. Adhuhuri saa sita na nusu hivi, alasiri karibu saa kumi. Ninapanga kati ya vigingi hivyo. Asubuhi hadi adhuhuri kazi nzito. Adhuhuri hadi alasiri, ukitoa swala na chakula, ni vipindi vinne, vitano siku ikiwa nzuri, na humo naweka barua na simu. Baada ya alasiri siahidi kitu.

Na udhu unaamsha kuliko kahawa, nyie jaribuni.

---

Sindano_Moja

Mimi fundi cherehani, nimeletwa huku na rafiki yangu. Nimesoma yote. Kwetu dakika hazina kazi, kazi ni kipande. Nakata magauni yote ya oda pamoja, halafu naunga yote, halafu naweka zipu zote. Nikisimama kengele inapolia na mkono uko katikati ya kola, kola imekwenda upande. Nasimama mshono ukiisha. Mteja akiingia nasimama pia, maana huyo ndiye mshahara. Kwa hiyo kwa fundi hii kitu hapana.

---

Mhasibu_Mtaani

@Sindano_Moja hapo nakubali bila ubishi. Mshono ukiisha ni kengele nzuri kuliko ya nyanya. Swali moja tu fundi: mteja akikuuliza suti ya kike ya mstari itachukua muda gani, unamwambia kwa kuangalia nini?

---

Sindano_Moja

Namwambia Jumamosi 😂😂 wote nawaambia Jumamosi.

---

Mhasibu_Mtaani

Ndiyo maana Jumamosi duka lako limejaa watu wamenuna. Saa acha, lakini andika tu: gauni la aina hii, nilianza lini, limeisha lini.

---

Ziwa_Moja_Ksm

Wadau habari, niko Kisumu upande wa pili wa mpaka. Nafanya kazi za mtandaoni, kusikiliza rekodi za mahojiano na kuziandika. Wengi wetu hulipwa kwa dakika ya sauti, si kwa saa ya kazi, na hapo ndipo wanaoanza huumia. Mteja anasema "ni saa moja tu ya sauti", kijana anadhani atamaliza kabla ya chakula cha mchana. Kwenye hii kazi huwa tunasema saa moja ya sauti safi ni kama saa nne za kuandika. Mkiwa na watu watatu wanaongea pamoja, au upepo unavuma kwa maikrofoni, hesabu hiyo haina maana tena.

Mimi naandika vipindi kwa kila faili, na kando yake aina ya sauti: mtu mmoja, kikundi, sokoni. Sasa nikipewa faili nasikiliza dakika chache za katikati (mwanzo huwa safi kila mara, usiuamini), naangalia daftari, naitisha bei. Mteja akisema ni ghali namwambia kwa upole hii ni sauti ya sokoni. Kuna kazi nimezikataa kwa sababu ya daftari, na siku hiyo hiyo zikachukuliwa na mtu ambaye hana daftari.

Kwa hiyo Mhasibu naunga mkono. Kwangu hizo karatasi ndizo bei.

---

Mhasibu_Mtaani

Umesema vizuri kuliko mimi. Hiyo ya kusikiliza katikati ya faili naichukua, itafaa hata kwa mafaili ya risiti.

---

Kijana_wa_Novemba

Shikamooni wakubwa. Nasomea mitihani ya bodi ya uhasibu ya Novemba na nimeajiriwa, kwa hiyo nina usiku tu. Nimejaribu kukadiria vipindi kwa kila mada na kila siku nakosea, nakata tamaa. Nianzie wapi?

---

Mhasibu_Mtaani

Marahaba mdogo wangu. Umeanzia hatua ya tatu. Cirillo ameupanga mtindo kwa hatua na hakuna kuruka. Kwanza unahesabu tu kila kazi imekula vipindi vingapi, hukadirii chochote. Ukishazoea, unapambana na makatizo, zile alama mbili. Ndipo unakadiria. Baada ya hapo unatumia kipindi vizuri zaidi, mwanzo kidogo kurudia ulichosoma jana, mwisho kidogo kukagua. Ratiba ya siku inakuja mwisho kabisa.

Kwa hiyo chukua kaunta buku, chora safu nne: tarehe, mada, vipindi vilivyokwisha, makatizo. Maswali ya kukokotoa yaandike mbali na nadharia kwa sababu yanakula muda tofauti. Usijilinganishe na wa mchana, wewe unaanza umeshachoka. Vipindi vinne kamili kwa usiku wa mtu aliyetoka kazini ni vingi, na zaidi ya hapo mara nyingi utakuta kesho yake unarudia ukurasa ule ule.

---

Kijana_wa_Novemba

Ahsante sana mkuu. Na umeme ukikatika katikati ya kipindi?

---

Mhasibu_Mtaani

Kistari. Kisha tafuta tochi, nadharia haihitaji kompyuta.

---

Boksi_la_Barua

Naleta mrejesho. Leo nimemwambia bosi "saa tano na robo niko kwako". Ameniangalia. Akasema sawa. Saa tano na robo nimekwenda, nikakuta ametoka, yuko kikaoni hadi saa nane.

Hicho nacho ni kistari, au ni kistari chake?

---

Dada_wa_Maktaba

Chako hicho hakipo, ulimaliza kipindi. Weka X.